Fungu la Abdullahi

Garissa, Idd ya Kuchinja, siku ya pili. Jua kali tangu asubuhi, na upepo unatia vumbi mpaka ndani ya birika la chai. Sina raha hata kidogo.

Nilikuwa nimeahidi kuandika mambo ya kupendeza, hina na nguo mpya, kwa sababu ndiyo mjukuu wangu Fardosa anayoyataka. Yeye ndiye aliyenifungulia hii blogu, ati mwalimu mstaafu wa Kiswahili asikae bure. Nisamehe, Fardosa. Leo nimelia sana, na nitaandika hicho nilicholilia.

Hii ndiyo Idd yetu ya kwanza bila hooyo, mama yetu. Alitutoka baada ya Ramadhani, usingizini, bila kumsumbua mtu. Kwa hivyo jana kisu cha kugawa nyama kilikuja mkononi mwangu, mimi mkubwa wa waliobaki. Mdogo wangu Bashir alikaa mkekani akinitazama tu, na nilijua anachosubiri. Alitaka kuona kama nitakata fungu la Abdullahi.

Abdullahi ni kaka yetu mkubwa.

Hatujamwona tangu vita vya shifta, vile vya miaka ya sitini huku kwetu.

Ngoja nieleze desturi yenyewe, maana vijana wa siku hizi hawaijui. Kabla ya vita tulikuwa tukihamahama na ngamia na mbuzi upande wa Habaswein. Idd ikifika, aabo, baba yetu, anachinja kondoo dume. Maini yanakaangwa papo hapo, na sisi watoto tunaungua vidole kwa pupa. Kisha hooyo anagawa: kila mtu wa nyumba ana fungu lake, awepo asiwepo. Fungu la aliye mbali na ngamia hukatwa vipande vidogo vidogo, hukaangwa mpaka vikakauka, halafu huzamishwa kwenye samli ndani ya chombo cha kusukwa. Hiyo ndiyo nyirinyiri. Inakaa miezi bila kuharibika, na mwenyewe akirudi anakuta Idd yake inamngoja.

Karibu kila mwaka aliyekuwa mbali ni Abdullahi. Alikuwa kijana mrefu mwenye mwanya, mcheshi kupita kiasi. Akirudi anakaa mbele yangu kwa makusudi, analamba vidole, ananiringia: wewe yako ulishaimaliza, mlafi wewe! Nikianza kununa, ananitilia vipande mdomoni. Kwa hivyo nilikuwa nakula mafungu mawili kila mwaka, na hooyo alijifanya haoni.

Kisha vita vikaja. Nilikuwa mdogo, mambo ya bendera na mipaka sikuyajua. Nilichojua ni kwamba watu wazima wameacha kucheka. Tukasikia kwamba watu wote wanakusanywa, wanawekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa senyenge, na mifugo nayo inachukuliwa. Aabo akamwambia Abdullahi atangulie na ngamia, awapeleke kuelekea Tarbaj mpaka mambo yatulie. Aliondoka alfajiri. Mimi nilikuwa nimelala, hakuniamsha. Siku chache baadaye sisi tukachukuliwa.

Idd ya mle ndani ya senyenge sitaisahau mpaka nizikwe. Kutoka kuchunga kulitaka ruhusa, na ruhusa ilikuwa ya saa chache, kwa hivyo mbuzi wetu walikuwa wamekwisha kufa njaa. Familia kadhaa ziliungana zikachinja mbuzi mmoja aliyekonda. Hooyo akapata nyama ya kujaa kiganja. Nikamwona anashika kisu, anakata, anaweka kando fungu la Abdullahi.

Nilikuwa na njaa, wallahi. Nikaangua kilio. Aabo, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akibishana, akamwambia ampe mtoto ale, Abdullahi ni mwanamume, huko aliko ana maziwa ya ngamia. Hooyo aliomba mafuta kidogo kwa jirani, akavikaanga vile vipande, akavifunika. Sisi tukala kilichobaki. Yeye mwenyewe hakuonja kitu, na Bashir alikuwa tumboni mwake.

Nilimchukia siku ile. Leo nina wajukuu na namwelewa.

Vita vikaisha. Lango likafunguliwa. Abdullahi hakuja.

Zilikuja habari tu. Mtu wa Elwak alisema alimwona kisimani akinywesha ngamia. Mwingine akaapa kwamba alipigwa risasi. Wa tatu akasema yuko Kismayu, anaendesha lori na ameoa. Kila habari ilimwinua hooyo ama kumlaza chini siku nzima. Hakuna aliyeleta mwili, wala nguo, wala hata ngamia mmoja. Kwa hivyo hakuna aliyemswalia. Aabo alifariki bila kulitamka neno marehemu mbele ya jina la mwanawe.

Tulihamia Garissa mjini. Mtu asiye na mifugo atahama na nini? Aabo akawa mlinzi wa duka, na kondoo wa Idd akawa wa kununua sokoni, miaka mingine nusu kondoo. Idd yetu ikabadilika kidogo kidogo, hata sikumbuki ni lini tuliacha nini. Chombo cha kusukwa kikawa kopo la bati, kopo likawa mkebe wa plastiki. Siku hizi kondoo anachinjwa machinjioni, nyama inaletwa na mtu wa bodaboda, na nusu ya familia iko Nairobi na ughaibuni, wanatuma salamu za simu zenye picha ya mwezi unaometameta. Wajukuu wanataka keki na soda. Sigombani nao, keki hata mimi naipenda.

Lakini desturi ya fungu haikuguswa. Kila Idd hooyo alitoa la zamani, akampa msafiri au maskini aliyepita mlangoni, akaweka jipya.

Jana nami nilikata. Nikakaanga, nikazamisha kwenye samli. Bashir akanifuata jikoni, mzee mzima sasa, ndevu nyekundu kwa hina na magoti yanamsumbua. Akaongea polepole.

"Walaal, dada yangu, hooyo alikuwa na haki ya kungoja. Sisi tutangoja mpaka lini? Kama alikufa, basi huyu mtu hajaswaliwa mpaka leo. Ni kaka yetu, na sisi ndio tunaomnyima."

Nilimfokea. Nikamwambia anyamaze, hata sura ya Abdullahi haijui.

"Kweli," akasema, "siijui. Mimi nimejua mkebe wake tu."

Akatoka nje. Jamani, nilisimama pale na mwiko mkononi mpaka samli ikaanza kuganda. Bashir ameishi maisha yake yote na kaka ambaye ni chakula asichoruhusiwa kula. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Asubuhi nilimpigia simu nikamwambia sawa, aswaliwe. Sheikh alikuwa ameshamwambia kwamba muda huo wote unatosha, mtu anaweza kuhesabiwa amekufa. Leo baada ya adhuhuri wamemswalia swala ya ghaibu, ile ya maiti ambaye hayupo. Nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Imamu akataja jina lake kwenye kipaza sauti, Abdullahi, na jina la aabo, na msikiti mzima wa watu wasiomjua ukasimama kwa ajili yake. Tangu vita sikuwa nimelisikia jina hilo likitajwa nje ya nyumba yetu.

Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akanishika mkono. "Pole, dada yangu. Amefariki lini?"

Nikamwambia leo. Kisha nikalia kama mtoto, na yule mama wa watu akanikumbatia.

Tuliporudi nyumbani, mimi na Bashir tulitandika mkeka, tukaufungua mkebe, tukala pamoja na anjera, ule mkate wetu mwembamba. Bashir alikula taratibu, kama mgeni anayeogopa kuonekana mroho. Chumvi ilikuwa imezidi, nilikuwa nimetia mara mbili bila kujijua. Tukala mpaka tukamaliza, nikauosha mkebe, nikauanika.

Najua tumefanya haki. Sheikh amesema hivyo, Bashir amesema hivyo, hata moyo wangu unasema hivyo. Ila kuna swali ambalo limenikaa tangu nilipotoka mkekani, na aliyekuwa na jibu lake tumemzika.

Akibisha hodi kesho, nitampa nini?