Tairi Lisilo na Upepo

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila tumbo limekuwa kubwa hadi viatu navalishwa na mume wangu.

Daktari anasema nitajifungua mwezi wa tano. Mama, nakutaka hapa. Najua tangu tairi lilipopasuka likamchukua Baba, hujapanda gari tena. Lakini kazini sasa tunachapa matairi yasiyo na upepo. Mashine inamwaga mpira ulioyeyushwa, tabaka juu ya tabaka, na ndani badala ya upepo kuna mbavu za mpira. Hakuna cha kupasuka. Nimekutumia kipande ujionee.

Mwanao, kitinda mimba

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi silisikilizi. Wewe kula vizuri.

Kipande nimekipokea. Nimekipigilia misumari, kisha nikakikalia. Shangazi yako aliponikuta akauliza kama nimeanza kutaga. Ni kigumu, nakubali. Lakini kukalia si kusafiri. Niambie ukweli, matairi hayo hayajawahi kuharibika?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mjukuu wako ananipiga mateke kutwa.

Umeuliza ukweli. Moja liliharibika wiki iliyopita kwenye majaribio. Tabaka hazikushikana vizuri, mbavu zikakatika. Gari lilizama upande mmoja, likapunguza mwendo, likasimama. Dereva wetu, tunayemwita Kobe kwa mwendo wake, alishuka akipiga miayo. Tumeyachapa upya kwa joto zaidi, na Kobe ameyazungusha na mizigo mpaka amechoka yeye.

Naogopa hata kukuandikia haya. Ukikataa sitanuna. Nitalia tu kidogo.

Kitinda mimba wako

28 Aprili

Mama, shikamoo.

Mbona kimya? Nimekutisha, najua. Basi usije, Mama, ila nijulishe kama hujambo. Kobe atapita huko Jumamosi na gari la majaribio, lenye matairi yetu. Mpe hata neno moja aniletee.

Mwanao

Jumamosi

Mwanangu,

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nabishana na moyo wangu, na moyo wangu unaujua ulivyo mbishi. Ungenificha lile tairi lililoharibika, ningebaki kwangu. Baba yako aliambiwa matairi yake ni mazima.

Barua hii nampa Kobe akugongee mlango. Mimi nimo garini, hapa nje ya nyumba yako. Njia nzima nimefumba macho, na sasa goti limegoma kunyooka. Njoo polepole na hilo tumbo, unishike mkono.

Mama yako