Mvua Niliyoisahau Kwenye Hesabu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii inakukuta miguu imezidi kupata nguvu. Mama naye mgongo unaendeleaje? Mwambie sweta alilonifumia nalivaa, aache kuniuliza.

Kazini kuna habari njema. Unajua kazi yangu ni kukadiria kwa hesabu mwani wa baharini, ule mdogo usioonekana kwa macho: maji yakiwa na joto kiasi hiki na jua kiasi hiki, baada ya siku kadhaa utakuwa umezaana kiasi gani. Baadhi ya aina zake zikizidi, chaza hujaa sumu. Basi mwezi uliopita hesabu zilionyesha kwamba ndani ya siku sita mwani wenye sumu ungetapakaa ghuba nzima. Siku hiyo maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka mchanga. Wafugaji wa chaza walinijia juu. Mwenyekiti wao aliniuliza kama kweli nataka wasimamishe mavuno kwa sababu ya eksi na wai. Mkuu wangu alisema, "Ukikosea, binti, tunafukuzwa wote wawili." Akasaini amri ya kusimamisha mavuno.

Siku ya tano maji yaligeuka rangi ya kutu. Hakuna aliyeugua. Mwenyekiti alikuja ofisini, akasimama mlangoni kofia mkononi, akaniomba nimfundishe kuusoma mchoro wangu.

Sifa si zangu peke yangu. Mama mmoja wa hapa kazini, anayetuchotea sampuli za maji, ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia kwamba mvua kubwa ikinyesha, mto huleta mbolea ya mashambani, na siku chache baadaye maji kwenye ndoo zake hunuka. Mimi na shahada zangu, mvua sikuwa nimeiweka kabisa! Nilipoiingiza, hesabu zikakaa sawa.

Sasa, baba, niwie radhi. Mwaka jana ulipokula chaza ukalazwa majuma matatu, lilikuwapo tangazo kwamba chaza ni salama. Tangazo lile lilitokana na hesabu zangu, zile zisizo na mvua. Nilikaa kando ya kitanda chako nikikusikia ukimlaani muuza chaza, na baadaye ukaukataza mtaa mzima kununua kwake. Nikanyamaza. Yeye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Jumamosi nakuja. Nitapitia kwanza kwake kumwomba msamaha, kisha nitabisha hodi kwako. Usiponifungulia nitaelewa, ila Jumamosi inayofuata nitabisha tena.

Nisalimie mama na kaka, na watoto wote hapo nyumbani.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.