Bwawa Lililochongwa Mwambani

Jumamosi, 3 Oktoba 1970. Sidab, Muscat

Kivutio: kitu ambacho mtu husafiri kwenda kukiona ingawa hana haja nacho. Nimeiandika maana hii pembezoni mwa karatasi ya ofisini, kati ya barua mbili za bandari nilizokuwa nikizitafsiri kwa Kiarabu. Mezani kazi ya serikali; akilini kijitabu cha wageni cha mji wa Newcastle, Australia.

Kimeletwa kwa posta na Salim, mume wa mpwa wangu Thuweiba, mhandisi wa kiwanda cha chuma huko. Ndoa ilifungwa hapa mwezi uliopita, wakili akisimama badala yake. Sasa anamtaka mkewe. Dada yangu Zuwena hajatoa radhi. Hasomi Kiingereza, ameniamuru nimsomee mji wote, ukurasa kwa ukurasa, ndipo aamue kama mwanawe wa pekee aende. Thuweiba asema bila ya radhi ya mama hapandi ndege.

Nimechoka kabla ya kuanza.

Jumatatu, 5 Oktoba

Baada ya alasiri. Kahawa, tende, kurasa nne. Makaa ya mawe. Jina la mji limeazimwa kutoka mji wa makaa wa Uingereza. Mnara wa taa juu ya kilima kilichokuwa kisiwa, kikaunganishwa na bara kwa ukuta wa mawe. Fukwe katikati ya mji.

Zuwena aliuliza msikiti. Kijitabu hakisemi. Aliuliza watu huenda ufukweni kufanya nini. Nikasema, kuota jua.

"Ati kulifuata? Waje Muscat, tuwape letu bure."

Thuweiba alicheka. Sijamwona akicheka tangu tuhamie hapa Agosti.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimetangulia kusoma kurasa zilizobaki. Nimekwama kwenye ukurasa wa kumi na moja. Bwawa la kuogea lililochongwa ndani ya mwamba, kando ya bahari, mawimbi yakiingia na kutoka. Wenyeji hulipenda. Sentensi ya pili: lilichongwa na wafungwa kwa amri ya mkuu wao, apate pa kuogea. Ukuta ule wa mawe nao ni kazi ya wafungwa.

Mume wa Zuwena alichukuliwa nyumbani Unguja mwaka 1964. Tuliambiwa anavunja mawe pamoja na wenziwe. Hatukuambiwa wapi. Hakurudi. Hakuna kaburi.

Thuweiba anasoma Kiingereza, ameshauona ukurasa. Alinifuata uani. "Mjomba, hapo paruke. Mama akisikia wafungwa, safari imekwisha."

Sijapata kuruka neno la mtu tangu nianze kazi hii. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Nilikuwa nimeshakubali.

Ijumaa, 9 Oktoba

Penye "wafungwa" nimesoma "mafundi". Neno moja. Sauti haikutetereka, na hilo ndilo linalonichukiza.

Zuwena aliweka kikombe chini. "Mafundi gani hao, kaka?"

"Wa mawe."

"Wachonge mwamba, mawimbi yanawapiga, ili mtu mmoja apate pa kukoga?"

"Ndivyo."

"Walilipwa nini?"

Nilisema kijitabu hakitaji ujira. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonifunga.

"Fundi wa hapa, mwambie akupakie chokaa ukuta mmoja na joto hili, atakupa udhuru wa wiki nzima. Hao walikuwa mafundi gani?"

Thuweiba alitazama mkeka. Mama yake alimtazama yeye, kisha mimi.

"Nsomee tena. Na mara hii soma kilichoandikwa."

Nikasoma. Wafungwa. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi, 10 Oktoba

Hakutoka. Chakula kimerudi kama kilivyokwenda. Thuweiba hasemi nami, simlaumu. Kwa neno moja nimemdanganya mama na nimemharibia binti. Ofisini nimekosea barua nzima, nikaichana.

Jumapili, 11 Oktoba

Alitoka kabla ya adhuhuri, akaniita. Hakupandisha sauti.

"Mume wangu umemfanya fundi. Usinifanyie tena."

Nikasema sitafanya.

"Kitabu hicho hupewa mgeni yeyote?"

"Yeyote."

"Na wameandika wafungwa, wazi?"

"Wazi."

"Mimi miaka sita nnauliza mawe ya mume wangu yamejengewa nini. Hakuna aliyenijibu. Hao wanamwambia hata mtu wasiyemjua."

Akamwita Thuweiba. "Enda kwa mumeo, mwanangu. Radhi zangu unazo. Lakini bwawani humo usikoge."

Jumamosi, 24 Oktoba

Thuweiba ameondoka asubuhi. Zuwena hakulia uwanja wa ndege. Aliporudi aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa, kisha akalala. Sasa ni alasiri. Kahawa nimejipikia mwenyewe.

Nimeusoma tena ukurasa ule, polepole, kama nilivyopaswa kuusoma tangu mwanzo. Jina la mkuu wa wafungwa limo. La mfungwa halimo hata moja. Kukiri kwao, basi, ni nusu. Dada yangu amemtoa binti yake kwa nusu hiyo. Sikumwambia; hakuuliza majina. Sijui kama huu ni uaminifu au ni kosa lile lile limevaa vazi jingine.

Mtu aliyenyimwa yote, akipewa nusu akaridhika, ni nani mwenye haki ya kumwambia kwamba ni nusu?