Bolti Nilizokusingizia

Fundi wangu Selemani,

Shikamoo. Usiponiitikia nitakuelewa.

Tangu tukuzike Kitomanga, ekskaveta naiendesha mimi. Bado tunakata vyuma vya kile kiwanda cha zamani hapa Nangurukuru, na ule mkasi wako wa kukatia chuma, uliofungwa kwenye mkono wa ekskaveta, ndio unaotulisha. Wenzetu wameanza kuniita fundi. Naitika.

Fundi, nimekusingizia.

Unakumbuka siku yako ya mwisho kazini, tulipogeuza visu vya mkasi? Ulikuwa na homa, umejitanda shuka juu ya ovaroli, nikakutania kuwa umekuwa bibi harusi. Bolti zote ulizifunga mwenyewe. Ukaniambia, "Kata saa moja tu, halafu zima, ushuke ukaze tena. Zikishafanya kazi zinalegea." Kesho yake baada ya mazishi nikaiwasha kwa mara ya kwanza, nikakata tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kushuka. Nilitaka bosi aone kuwa naweza. Kisu kikalegea, kikapasuka vipande viwili.

Bosi akauliza nani alifunga. Nikasema, "Marehemu. Alikuwa anaumwa, labda hakukaza vizuri." Mdomo wangu huu! Bosi akasema Mungu akurehemu, nami nikadhani yameisha.

Kumbe maneno yalishafika nyumbani kwako. Ijumaa nilipeleka spana zako nyumbani. Mama Zuhura yuko eda, akaongea nami akiwa nyuma ya pazia. "Mwanangu, nasikia baba Zuhura aliwaharibia mashine. Mimi siwezi kutoka. Nenda kwa bosi umwombee mume wangu radhi, apumzike." Mke wako ananituma mimi, Fundi, mimi niliyesema! Nikamjibu, "Nitakwenda, mama." Kisha akaagiza niletewe wali, nikala mpaka nikamaliza sahani. Hata kuandika haya naona aibu.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, nitamwambia bosi mbele ya wote kwamba bolti sikuzirudia kuzikaza. Akinifukuza, anifukuze. Halafu nitapanda basi hadi kwako Kitomanga, nimwambie mama Zuhura pia. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu mama atanyamaza kule nyuma ya pazia, na mimi sitauona uso wake. Lakini nitakaa pale mpaka aseme neno, hata likiwa la kunifukuza. Nakuahidi.

Pumzika, Fundi. Wewe ulikaza.

Mwanafunzi wako,
Hamisi