Kipa wa Siku ya Kombe

Dada Coletha mpendwa,

Huku ughaibuni, Lidcombe, baridi imeanza, watoto hawajambo. Klabu yetu ya mpira imetimiza miaka kumi na miwili, na mimi katibu nimepewa kazi ya kuandika historia yake, isomwe Jumamosi. Nimeandika jezi za kwanza na ugomvi wa kuchagua jina. Nimekwama kwenye kombe, maana tunalo moja tu.

Ile picha ya siku ya kombe aliyoitundika Mama, kipa si kaka Methodi. Ni mimi. Usajili wangu ulichelewa, nikacheza kwa kadi yake ya mchezaji, na mwamuzi hakututofautisha. Nikavunjika mguu, nikalazwa kwa jina lake. Tulinyamaza tusije tukanyang'anywa kombe.

Sasa Methodi mwenyewe amelazwa hospitali ileile. Homa imempanda, hajitambui, na anapasuliwa leo jioni. Faili lake linasema aliwahi kuchomwa penisilini na haikumdhuru, kumbe aliyechomwa ni mimi. Dada, unakumbuka utotoni alivyochomwa dawa hiyo, akavimba mpaka akashindwa kupumua?

Nilimpigia mwenyekiti wa klabu, Mugambi, kwamba nataka kusema ukweli. Akasema, "Ngoja kwanza, Deus. Hilo kombe ndilo historia yenyewe."

Sikungoja. Nimemwomba nesi amwite daktari, naye kaniambia nikae hapa kwenye benchi. Nakuandikia nikimsubiri. Ukurasa wa kombe nimeuandika upya, ninao mfukoni. Mlango ukifunguliwa, daktari ndiye atakayeusoma wa kwanza.

Mama mwambie wewe, taratibu.

Mdogo wako,
Deusdedit, kipa wa siku ile