Rasta Kwenye Bahasha ya Kabula

Alhamisi. Jua la kuchoma tangu asubuhi, na vumbi la karasha, ile mashine ya kuvunjia mawe ya dhahabu, limeingia mpaka kwenye unga. Mwenzenu leo nina kinyaa. Nimeosha mikono, nimerudia kuosha, na bado hakijanitoka.

Tulikuwa na mkutano kwa mwenyekiti wa kijiji. Wale watafiti waliotukata nywele kabla ya mvua walirudi kutupa majibu. Walitaka kujua kama zebaki ya mwaloni imeshaingia miilini mwetu, sisi na watoto. Mwalo wenyewe, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, uko juu ya kisima chetu. Wanaume wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu, maji machafu yanateremka, na sisi tunateremka nyuma yake na ndoo.

Kilichonipeleka mimi ni kimoja tu. Kabula wangu. Wenzake wameanza kuita mama, yeye ananitazama tu kwa yale macho yake makubwa. Labda anachelewa tu, wapo watoto wa hivyo. Lakini nataka kujua kama ni zebaki.

Dada Rehema, kiongozi wao, alieleza vizuri hata mimi wa darasa la saba nikaelewa. Nywele zetu zilipelekwa mbali, kwenye maabara moja inayohudumia watafiti wengi kwa pamoja, maana mashine zile hakuna anayezimudu peke yake. Maji ya visima vya Kishapu yanapimwa hapohapo. Mikojo ya wakulima wa tumbaku wa Ushetu, hapohapo. Nikalipenda hilo. Kumbe kuna mama mwingine huko, simjui, naye anasubiri kwenye foleni moja na mimi.

Akasema wanaokaa karibu na mwalo wamekutwa na zebaki nyingi kuliko wa mbali. Halafu akasema, kwa upole, kwamba bahasha chache hazikupimika, kwa sababu ndani hazikuwa nywele za mtu. Zilikuwa rasta za dukani. Plastiki.

Baadaye kidogo akaniita pembeni, akaninong'oneza. Ya Kabula ni mojawapo.

Siku ile ya kukata nywele mimi nilikuwa mashineni kusaga mahindi, mtoto nilimwacha na mama mkwe.

Sasa huyu Bosi, mwenye mwalo. Alicheka mpaka soda ikamtoka puani, akajifuta kwa kiganja, akaendelea kucheka. "Jamani, maabara imegundua ugonjwa wa rasta. Watoto pelekeni saluni, hospitali ya nini?" Watu wakacheka. Akasema majibu yote ni ya uongo kama hizo rasta, na mwalo hauhami.

Miguuni pake kulikuwa na maji ya chupa. Wanawe wanakaa Shinyanga mjini. Maji ya kisima chetu hawajawahi hata kunawia.

Na Baba Kabula alicheka naye. Anafanya kazi kwake, naelewa. Lakini nilimtazama yale meno nikageuza uso.

Basi mama mkwe akasimama. Huyu ni mama ambaye mkutanoni huwa hasemi, anakaa nyuma na kanga yake kichwani. Akaenda mpaka mbele.

"Wewe Bosi, si ulipita kwangu ukasema nywele zinapelekwa kwa mganga, zivute dhahabu, na mwenye nywele afe? Nikaogopa. Nikakata rasta za shangazi yake mtoto, nikazitia kwenye bahasha. Plastiki ni yangu. Uongo ni wako."

Akanigeukia. "Mayu, mama yangu, lete mtoto. Na mkasi wa Dada Rehema uje."

Bosi akasema bibi umechoka, kaa chini. "Nimekaa vya kutosha, baba," akamjibu, na hapo ndipo watu walipocheka kweli. Mama Doto, jirani yetu, akaja na mtoto wake. Wakafuata wengine, mbele yake Bosi, watoto wameinamishwa vichwa.

Dada Rehema alimkata Kabula kisogoni, karibu kabisa na ngozi. Mama mkwe ndiye aliyempakata, macho hayatoki kwenye mkasi. Bado anaogopa, nilimwona. Alimtoa mjukuu wake huku anaogopa.

Mwenyekiti amesema suala la mwalo litaamuliwa majibu haya yakirudi.

Nimerudi nyumbani, nakuta kwenye jiko langu la mkaa, lile ninalopikia uji wa mtoto, kile kikaango. Kile anachochomea dhahabu Baba Kabula, zebaki ikapanda na moshi, sisi tumo ndani. Miezi yote hii nilikuwa nakisogeza tu nipate nafasi ya sufuria. Nimekitupa uani, na jiko nyuma yake. Nikamwambia Baba Kabula moshi ule haurudi tena chini ya paa hili.

Mpaka sasa hajakiokota.

Uji tumepikia mafiga. Kabula amelala mgongoni kwangu naandika haya, na pale kisogoni pana kipara kidogo, kama sarafu. Asubuhi nitachota maji kisima cha shule, mbali au si mbali. Majibu yakiwa mabaya nitafanya nini? Sijui, kwa kweli.

Lakini safari hii ndani ya bahasha yumo yeye mwenyewe.