Kanzu Yenye Mfuko wa Ndani

Mjukuu wangu Salim,

Salamu nyingi kutoka Ngara. Bibi yako hajambo, goti limetulia, na dadako Zuhura kajifungua mtoto wa kike mwenye sauti kumshinda mwadhini.

Umeniuliza kama utaweza kusimama msikitini tena, na hilo tundu walilokufungulia tumboni. Nami nilijiuliza hivyo hivyo miaka ya sabini, nilipotoka hospitalini kule Parklands na mfuko wa mpira ubavuni, choo kikiingia humo bila kuniomba ruhusa. Ijumaa tatu nilijifungia dukani, nikiwashonea wenzangu kanzu za kwendea msikitini.

Maalimu wetu akaja. "Fundi, mbona hatukuoni?"

"Sina twahara tena, Maalimu."

Akacheka. "Nani kakupa fatwa hiyo? Safisha mfuko, tia udhu kila wakati wa sala ukiingia, uje."

La dini alilimaliza yeye. La nguo lilikuwa langu. Nilikata kanzu pana kidogo upande wa kushoto, nikashonea ndani mfuko wa bafta wa kuushika ule wa mpira, usining'inie nikirukuu. Ijumaa ya nne nikasimama safu ya mbele, bega kwa bega na watu. Walichosifu ni mshono.

Muuguzi wangu aliposikia, akaniletea wagonjwa wengine. Wasiovaa kanzu niliwashonea mashati. Hakuna kazi ninayojivunia kama hiyo.

Mkono wangu bado hautetemeki. Jipime kutoka begani hadi kifundoni, uniandikie, na usisahau kusema tundu lako liko upande gani.

Babu yako, fundi